Kutoka Benki Hadi Wodini: Jinsi ya Kuimarisha Ombi la Uzamili wa Uuguzi Nchini Marekani

Kila mwaka, msimu wa udahili unapokaribia, hunijia watu wenye swali moja. Mmoja ana shahada ya uhasibu kutoka Dar es Salaam, mwingine alisomea ualimu Eldoret, wa tatu ni mwanasheria aliyechoka kusubiri mtihani wa uwakili wa jimbo. Wote wanaishi Marekani, wote wamebeba maboksi kwa miaka kadhaa, na wote wamesikia kwamba mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuingia uzamili wa uuguzi moja kwa moja, bila kuanza upya shahada ya kwanza. Walichosikia ni kweli: Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha programu ya namna hiyo mwaka 1974, na leo zipo nyingi, zikiwemo za Johns Hopkins mjini Baltimore, Columbia mjini New York na Rush mjini Chicago. Wanachokosea ni kudhani kwamba ombi lao litapimwa kwa ukubwa wa huruma yao. Huruma kila mwombaji anayo, au anadai anayo. Kamati ya udahili, ambayo kwa kawaida ina wauguzi ndani yake, hutafuta ushahidi wa mambo mawili: kwamba utaimudu sayansi inayofundishwa kwa kasi, na kwamba unaijua kazi yenyewe, pamoja na harufu yake, kabla hujaiacha ile uliyo nayo. Mwongozo huu unahusu namna ya kuukusanya ushahidi huo na kuuweka mbele ya msomaji. Nauandika nikiwa nimepita njia hiyo hiyo, kutoka kaunta ya benki Mwanza hadi wodi ya wagonjwa wa moyo.

Jua unaomba nini

Programu zinazowapokea watu waliobadili taaluma ziko za aina tatu, na kuzichanganya ni kosa linalojitokeza katika insha nyingi. Ya kwanza si uzamili, bali ni shahada ya kwanza ya uuguzi iliyofupishwa kwa wenye shahada nyingine, nayo huchukua takriban mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Ya pili ni uzamili wa jumla, kama ule wa Columbia, Johns Hopkins na Rush, ambao humwandaa mtu kufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN na kuanza kazi kama muuguzi wa kawaida wa wodini, ingawa amevaa joho la uzamili. Ya tatu, kama ya Yale, huchukua takriban miaka mitatu na huunganisha mafunzo ya leseni na ubobezi, ili mhitimu awe mkunga au muuguzi wa ngazi ya NP, yaani yule anayempima mgonjwa, kutambua maradhi na kuandika dawa. Mwombaji anayeiandikia programu ya aina ya pili kwamba ana hamu ya kufungua kliniki yake na kuandika dawa mara tu atakapohitimu anajifungia mlango mwenyewe, kwa sababu ameonyesha kwamba hakusoma hata ukurasa wa kwanza wa maelezo ya programu.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika mawili yanayokagua ubora wa mafunzo ya uuguzi, imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lake, na wahitimu wake wanafaulu NCLEX-RN kwa kiwango kizuri kwenye jaribio la kwanza. Takwimu hizo hutangazwa hadharani, na programu inayozificha haistahili fedha zako. Suala la fedha lenyewe limebadilika. Chini ya sheria iliyosainiwa Julai 2025, mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS, ambao uliwawezesha wanafunzi wa uzamili kukopa hadi gharama nzima ya masomo, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na kikomo kilichowekwa kwa mwanafunzi wa kawaida wa uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Kwa programu ya miezi 15 katika chuo binafsi, hesabu hiyo inaweza isitoshe, na ndiyo maana siku hizi nawashauri wengi waombe pia shahada ya kwanza iliyofupishwa katika vyuo vya serikali vya jimbo wanaloishi. Leseni ni ile ile.

Matokeo ya zamani na sayansi mpya

Hapa ndipo waombaji wetu wanapoumia bila sababu. Vyuo vya Tanzania hutumia GPA, yaani wastani wa alama, yenye kilele cha 5.0, ilhali Marekani kilele ni 4.0. Mtu mwenye 3.6 ya Dar es Salaam akiijaza kama ilivyo katika fomu ya Marekani ametoa taarifa isiyo ya kweli, hata kama hakukusudia, na atakapofika mbele ya mtathmini wa vyeti vya kigeni tofauti itaonekana. Mimi mwenyewe nilikwisha kuijaza hivyo, nikaokolewa na rafiki aliyeipitia fomu usiku wa kuamkia siku ya kuituma. Kwa Wakenya tatizo ni kinyume chake. Huko alama ya A huanzia 70, na mwenye wastani wa 63 ana daraja la pili la juu linaloheshimika, lakini Mmarekani anayeisoma 63 kwa macho yake huona mwanafunzi aliyenusurika kufeli. Kwa sababu hizo mbili usigeuze alama mwenyewe. Tafuta tathmini ya somo kwa somo kutoka shirika linalokubaliwa na programu unayoiomba. WES ndilo linalotumika sana, lakini baadhi ya vyuo huteua lingine.

Ombi la tathmini lianze mapema, kwa maana ya miezi mingi na si wiki. Mtathmini huhitaji transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, itumwe moja kwa moja na chuo chako, iwe kwa njia ya mtandao au katika bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri, na yeyote aliyewahi kufuatilia transkripti katika ofisi ya msajili anajua kwamba barua pepe peke yake haisogezi jambo. Mtafute ndugu aliye karibu na chuo, mpe barua ya idhini na nakala ya kitambulisho chako, na umwombe afike ofisini ana kwa ana. Angalia pia majina. Wengi wetu tuna jina moja kwenye cheti cha kidato cha nne, mpangilio mwingine kwenye cheti cha shahada na wa tatu kwenye pasipoti, na waliofunga ndoa wameongeza la nne. Andaa kiapo cha majina au cheti cha ndoa mapema, kisha utumie mpangilio mmoja tu, ule wa pasipoti, katika kila fomu. Ukitakiwa kuonyesha umahiri wa Kiingereza, kumbuka kwamba matokeo ya TOEFL na IELTS huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usiyafanye mapema mno.

GPA ya zamani haibadiliki. Kilicho mikononi mwako ni masomo ya sayansi ambayo programu nyingi huyataka kabla ya kuanza: anatomia na fiziolojia katika mihula miwili yenye maabara, mikrobiolojia yenye maabara, takwimu, mara nyingi kemia, saikolojia ya makuzi ya binadamu na wakati mwingine lishe. Mwanabiashara kwa kawaida hana hata moja isipokuwa takwimu, na kwa maoni yangu hilo linamsaidia, kwa sababu atayasoma yote akiwa mtu mzima anayejua anachokitafuta. Yasome katika chuo cha jamii (community college) cha eneo lako, ambako ada ya mkazi ni ndogo kuliko mahali pengine popote. Kamati hutofautisha kati ya GPA ya jumla na GPA ya sayansi, na A nne za juzi katika sayansi humsemea mwombaji mambo ambayo C za miaka kumi na mbili iliyopita haziwezi kuyafuta.

Lakini usiyakimbilie. Mwenye familia na zamu mbili akijiandikisha masomo matatu ya sayansi katika muhula mmoja huishia kupata B hafifu au kujiondoa katikati, na herufi W hubaki kwenye transkripti. Ni afadhali kuchukua anatomia peke yake na kupata A. Vilevile, kabla ya kulipia maabara ya mtandaoni, uliza kwa barua pepe kama programu unayoitaka inaikubali, na uhifadhi jibu. Uliza pia umri wa masomo, kwa kuwa programu nyingi hukataa sayansi iliyosomwa zaidi ya miaka mitano, saba au kumi iliyopita. Ukirudia somo, baadhi ya vyuo huchukua alama mpya na vingine hutafuta wastani wa zote mbili, na tofauti hiyo inatosha kuamua uombe wapi.

Saa za kando ya kitanda

Njia iliyo karibu zaidi na watu wetu ni kazi ya msaidizi wa muuguzi, CNA, na yeyote aliyeishi katika jumuiya za Waafrika Mashariki huko Texas, Minnesota au Massachusetts anamjua angalau mtu mmoja anayeifanya. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1987, mafunzo yake hayapungui saa 75, na majimbo yanaruhusiwa kuongeza: California, kwa mfano, hudai saa 160. Kituo cha kutunzia wazee kinachopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hakiruhusiwi kumtoza ada ya mafunzo mtu ambaye tayari kimemwajiri au kumwahidi kazi, kwa hiyo tafuta ajira kwanza ndipo uulize kuhusu mafunzo. Walio na viza ya mwanafunzi wajihadhari, kwani kufanya kazi nje ya chuo bila idhini kunaweza kuwagharimu ukaazi wao.

Asiyeweza kuacha kazi ya mchana anaweza kuchukua zamu moja ya wikiendi. Mwaka mzima wa Jumamosi una uzito kuliko miezi miwili ya kila siku iliyofanywa haraka haraka kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu kamati inajua kuhesabu tarehe. Na asiyeruhusiwa kuajiriwa kabisa aende kwenye huduma ya wagonjwa walio katika siku zao za mwisho. Kanuni za Medicare zinayataka mashirika ya huduma hiyo yatumie watu wa kujitolea kwa kiasi kisichopungua asilimia 5 ya saa za kuhudumia wagonjwa, kwa hiyo yanakuhitaji kweli, hayakupokei kwa hisani. Mwenye viza athibitishe kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwamba kujitolea huko hakuhesabiwi kuwa ajira.

Nunua daftari dogo. Kila baada ya zamu, kabla hujalala, andika mambo matatu: ulichokiona kwa mgonjwa ambacho jana hakikuwepo, alichokifanya muuguzi kuhusu jambo hilo, na kile ambacho hukukielewa. Usiandike majina, namba za vyumba wala tarehe za kuzaliwa. Baada ya miezi sita utakuwa na malighafi ya insha, ya usaili na ya barua za wadhamini, na huo ndio ushahidi nilioutaja mwanzo. Watu hudharau ushauri huu kwa sababu ni mwepesi mno, kisha Novemba hunipigia simu wakisema wamefanya kazi miaka miwili na hawakumbuki kisa hata kimoja.

Taaluma ya zamani si mzigo

Wanaobadili kazi huwa na aibu isiyo na msingi. Huandika kana kwamba miaka minane ya benki ilikuwa kifungo ambacho sasa wanaomba msamaha wake. Kazi ya mwombaji ni kuitafsiri taaluma yake kwa lugha ya wodini, kwa usahihi na bila kujitutumua. Chukua mfano wangu. Katika benki, kuba la fedha halifunguliwi na mtu mmoja. Lazima wawepo wawili, kila mmoja na sehemu yake ya ufunguo au ya namba ya siri, na fedha huhesabiwa mbele ya wote wawili kabla ya sahihi. Nilipokuwa msaidizi wa muuguzi nikaona, kila zamu ikibadilika, wauguzi wawili wakisimama mbele ya kabati la dawa zenye udhibiti mkali, kama mofini, wakihesabu kidonge kwa kidonge, mmoja akitaja idadi na mwingine akilinganisha na kitabu. Niliielewa desturi ile papo hapo, pamoja na sababu yake: si kwamba hakuna anayeaminika, bali uaminifu wa mtu mmoja hauwezi kukaguliwa. Aya hiyo niliiandika katika ombi langu, na nilipofika kwenye usaili ndilo jambo la kwanza nililoulizwa.

Mwalimu ana hazina kubwa zaidi. Wauguzi hutakiwa kumweleza mgonjwa namna ya kutumia dawa, kisha kumwomba aeleze tena kwa maneno yake mwenyewe, ili makosa ya uelewa yaonekane kabla hajarudi nyumbani. Mwalimu wa Eldoret aliyefundisha darasa la wanafunzi sitini amekuwa akifanya hivyo kila siku, kwa kuwa anajua kwamba mwanafunzi anayeitikia “ndiyo mwalimu” huenda hajaelewa chochote. Aeleze kisa kimoja cha darasani, halafu kimoja cha kando ya kitanda, na aache msomaji aone mstari unaoviunganisha. Mhandisi, karani wa meli au mpishi wa hoteli atapata chake akitafuta.

Kiswahili nacho ni mali, mradi kitajwe kwa uangalifu. Wakimbizi wengi kutoka Kongo waliopewa makazi Marekani huzungumza Kiswahili, na hospitali katika miji kama Louisville huwapokea. Hata hivyo, hospitali zinazopokea fedha za serikali hutakiwa kutumia wakalimani wenye sifa, na kamati ikisoma kwamba ulitafsiri fomu ya ridhaa ya upasuaji kwa sababu tu ulikuwa karibu, itaona hatari mahali ulipotarajia ione wema. Sema kwamba ulimsalimu mgonjwa, ukamtuliza, kisha ukamwomba muuguzi amwite mkalimani. Ukitaka kwenda mbali zaidi, fanya mafunzo ya ukalimani wa kitabibu ya saa 40, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kukuruhusu kuomba mtihani wa cheti cha kitaifa.

Insha

Utaiandika kwa Kiingereza, lakini nakushauri uisimulie kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya simu inayorekodi, kama unavyomsimulia dada yako. Kiingereza chetu cha maombi kimejaa misemo ya vyeti na hotuba. Tukisimulia kwa lugha ya nyumbani, vitu vyenyewe hurudi. Kisha sikiliza na uandike yale yaliyokuwa hai.

Fikiria mwanzo huu: “Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwahudumia wagonjwa.” Hauna kosa la sarufi, wala hauna habari. Hauelezi kwa nini ndoto hiyo ilikupeleka benki kwa miaka minane, na msomaji makini ataliuliza hilo hilo. Sasa fikiria mwanzo mwingine, uliotoka kwenye daftari la zamu:

“Kila asubuhi alikunja kitambaa chake cha mezani mara nne kabla ya kugusa chai. Jumamosi ile alikiacha kimekunjamana mapajani, akaniita kwa jina la dada yake. Nilimwambia muuguzi. Aliniuliza tangu lini, nikajua: tangu asubuhi ile. Aliniuliza jana jioni alikunywa kiasi gani, nikakosa jibu.”

Kinachofuata katika insha hiyo ni kwamba muuguzi alimpima joto na shinikizo la damu, akampigia daktari, mkojo ukapelekwa maabara na maambukizi yakabainika. Kwa wazee kuchanganyikiwa ghafla kunaweza kuwa ishara ya ugonjwa wa mwili na si uzee tu. Lakini uzito wa aya uko kwenye swali lililokosa jibu. Mwandishi anaendelea kusema kwamba kuanzia siku hiyo aliandika mililita za kila kikombe, hata pale alipokuwa na wazee kumi wa kuwalisha. Hapo msomaji ameona mtu anayeangalia, anayeripoti, anayekiri pengo na kulirekebisha, na neno huruma halijatajwa hata mara moja.

Ukisimulia kisa cha mgonjwa, mfiche kabisa: usitaje jina, kituo, chumba, tarehe wala ugonjwa wa nadra unaoweza kumtambulisha. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 ipo kulinda taarifa zake, na wauguzi wanaoisoma insha yako watashtuka wakiona umeivunja kabla hujaingia darasani. Epuka pia kuwaponda madaktari ili kuwainua wauguzi. Eleza kwa nini uuguzi na si udaktari kwa kutaja jambo ambalo muuguzi hufanya na daktari hafanyi, kwa mfano kukaa na mgonjwa kwa muda wa saa 12 na kuyaona mabadiliko yanayotokea katikati ya raundi mbili za daktari.

Alama mbaya ya zamani, kama ipo, iandikiwe sentensi mbili katika nafasi ya maelezo ya ziada: kilichotokea, na kilichobadilika tangu wakati huo, ukionyesha alama mpya. Usiiweke ndani ya insha kuu. Na ukituma maombi kadhaa kupitia mfumo wa pamoja wa NursingCAS, soma insha mara ya mwisho ukitafuta jina la chuo kingine, maana kosa hilo hutokea kila mwaka kwa watu wenye akili timamu.

Wadhamini

Programu nyingi hudai barua mbili au tatu. Mpangilio ninaoupendelea ni mwalimu wa sayansi wa chuo cha jamii aliyekufundisha hivi karibuni, muuguzi aliyekuona kando ya kitanda, na msimamizi wa kazi yako ya zamani. Mhadhiri wako wa zamani wa Afrika Mashariki anaweza kuwa na cheo kikubwa, lakini kama mara ya mwisho alikuona miaka kumi iliyopita, barua yake itakuwa ya jumla tu. Kuna tofauti ya desturi hapa. Kwetu barua nzuri husema kwamba mwombaji ni mtiifu, mchapakazi na mwenye maadili mema, na huko hiyo ni sifa kubwa. Kwa kamati ya Marekani sifa zisizo na tukio ni kimya. Kwa hiyo mwandalie kila mdhamini ukurasa mmoja wenye visa viwili au vitatu alivyovishuhudia yeye mwenyewe, tarehe ya mwisho, na orodha ya programu. Hutamwandikia barua, utamkumbusha tu alichokiona.

Mfumo utakuuliza kama unaacha haki yako ya kuisoma barua. Iache, kwani barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo. Kiungo cha kuipakia hutumwa kwa barua pepe na mara nyingi huangukia kwenye taka, hasa kwa walio nje ya Marekani. Piga simu siku ile ile, kwa heshima: “Shikamoo mwalimu, kuna ujumbe umetumwa kwako leo, naomba uutazame hata kwenye kikasha cha taka.” Nimeona ombi zuri likikwama kwa sababu ya kiungo ambacho hakuna aliyekifungua kwa wiki tano.

Usaili, na baada ya hapo

Baadhi ya programu huwasaili watu ana kwa ana au kwa video, nyingine hutumia maswali yaliyorekodiwa ambayo unajibu kwa dakika moja au mbili huku kamera ikikuangalia. Fanya mazoezi na saa mkononi. Swali la kimaadili likija, kwa mfano mwenzako amekosea dawa na anakuomba unyamaze, anza na usalama wa mgonjwa: apimwe sasa, msimamizi aarifiwe, tukio liandikwe. Waombaji wetu, waliolelewa kumsitiri mwenzao, mara nyingi huanza na namna ya kuzungumza na mwenzao faraghani. Hilo nalo lina mahali pake, lakini baada ya mgonjwa. Lafudhi isikutie hofu. Punguza kasi, malizia sentensi, na usipolisikia swali omba lirudiwe, jambo ambalo muuguzi hulifanya kila siku anapopokea maagizo kwa simu.

Ukipewa nafasi, barua ya udahili itakuwa na masharti: uchunguzi wa rekodi za polisi, kadi ya huduma ya kwanza ya kuokoa uhai, chanjo kamili na kipimo cha kifua kikuu. Dozi tatu za kawaida za chanjo ya homa ya ini aina ya B huchukua miezi sita, kwa hiyo zianze hata kabla ya kujibiwa. Na kuhusu kifua kikuu, tazama mkono wako. Kama una kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu ya utotoni, ambalo wengi tuliozaliwa Afrika Mashariki tunalo, kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba hata kama huna maambukizi yoyote, ukapelekwa kwenye eksirei na barua za daktari wakati wenzako wanaanza wiki ya kwanza ya mafunzo. Omba kipimo cha damu cha IGRA tangu mwanzo, na umwonyeshe muuguzi wa kliniki kovu hilo kabla hajakuchoma sindano.